Naogopa Kukubaliwa Chuoni

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo lisilorudishika, na kama utacheka, cheka kwanza huko ofisini peke yako halafu ndipo unijibu, kwa sababu najua meza yako imejaa barua za watu walioachwa na waume zao na waliokosana na mama wakwe, na mimi tatizo langu ni kwamba nimeomba nafasi ya kusoma chuo, majibu yanatoka baada ya siku kumi na mbili, na kila nikiinama kusali najikuta naomba nisikubaliwe.

Nina miaka ishirini na tatu. Nafanya kazi kwa shangazi yangu ambaye ni dobi, na ndiye aliyenilea. Tuna chumba cha mbele chenye kaunta, chumba cha nyuma chenye mashine mbili, ambazo moja yake hutetemeka mpaka inasogea yenyewe kuelekea mlangoni kama inayotaka kuacha kazi, na ua wenye kamba sita. Mimi nalala kwenye kichumba kilicho nyuma ya rafu za nguo zilizokwisha kunyooshwa. Ng'ambo ya barabara ni ukuta wa chuo, na nguo tunazofua karibu zote zinatoka ndani ya ukuta huo.

Sisi hatuandiki majina ya wateja, maana majina yanafanana na wino hutoka, kila mteja ana namba kwenye kitambaa kidogo ambacho nakishona ndani ya kola au kiunoni, na kwa miaka mitano nimewajua wanafunzi wale kwa namba zao kuliko wazazi wao wanavyowajua kwa majina. Najua Kumi na Tisa ameachana na Arobaini na Mbili, kwa sababu sweta la kijivu la mmoja lililokuwa likija kwenye mfuko wa mwenzake sasa linakuja kwenye mfuko wa mwenyewe. Najua Themanini na Nane amepata mtu, kwa sababu ghafla anataka mashati yake yatiwe wanga. Mifukoni nimekuta tiketi za muziki, ua lililokauka, na orodha ya watu wa kualikwa kwenye sherehe, ambamo jina moja limekatwa na kuandikwa tena mara tatu. Ijumaa wanachukua nguo za kutokea, Jumatatu zinarudi zikinuka moshi na manukato ya watu wengine, nami nasimama na pasi najaribu kukisia yaliyotokea hapo katikati. Nimekuwa nikifanya hivyo kwa muda mrefu, mshauri, kukisia yaliyotokea hapo katikati.

Mtihani wa hesabu nilifeli nilipomaliza shule, nikaurudia mwenyewe bila mwalimu, nikisoma wakati mashine inazunguka, dakika arobaini ni nusu sura ya kitabu kama hakuna mteja, nikafaulu. Mwaka jana niliomba chuo nikakosa. Mwaka huu nimeomba tena, chuo hicho hicho cha ng'ambo ya barabara, kusoma Takwimu. Hadi hapo sina kosa.

Kosa lilianza hivi. Kila Jumamosi asubuhi napeleka mashuka kwenye nyumba ya wageni iliyo ndani ya chuo, mlinzi wa lango amenizoea, hata usoni haniangalii, anaangalia furushi. Jumamosi moja, miezi minne iliyopita, mvua ilinishika huko ndani, nikaingia kantini yao, nikaagiza chai na mkate, nikatoa kitabu changu cha takwimu ili nisome hadi mvua ikatike. Msichana aliyekuwa peke yake meza ya pili akanitazama, akatazama kitabu, akaja na daftari lake.

"Dada, wewe ni wa Takwimu?"

Kabla sijajibu akaendelea, "Mwaka wa pili, eh? Hebu nitazamie hili swali la nne, mwenzio nimeamka nalo siku ya tatu leo."

Mshauri, nilikuwa na mkate mdomoni. Niliitikia kwa kichwa kwa sababu ndicho kitu pekee mtu anachoweza kufanya akiwa na mkate mdomoni, na nilipomeza, uongo ulikuwa umeshakaa mahali pake. Halafu lile swali nililijua. Nikamweleza mtawanyiko kwa mfano wa mashati, kwamba mashati kumi yanaweza kuwa na wastani mzuri kabisa wa ukubwa na bado yasimtoshe mtu hata mmoja, akacheka, akasema, "Mbona mhadhiri wetu hasemi hivi?" Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Jumamosi iliyofuata nilimaliza mashuka mapema.

Sasa tuko wanne. Huyo msichana anasoma uchumi, tunamwita Mchumi. Yupo Mwalimu, aliyefundisha watoto wadogo miaka minane kabla ya kuja kusoma, anatuzidi wote umri na kila mtu kwake ni "mwanangu", yeye alikuwa akikaa peke yake dirishani, akasogea siku moja kusikiliza mashati. Yupo pia Mpole, ambaye kwa miezi minne amesema maneno yanayoweza kuenea nyuma ya tiketi ya basi, na hakuna anayekumbuka alianza lini kukaa nasi. Mimi wananiita Katibu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na ndimi ninayeandika tuliyojadili. Nakupa mfano, ili ujue ninachozungumzia:

"Katibu, andika kwamba Mwalimu amekula mkate wa watu," alisema Mchumi.

"Sijala. Nimeonja."

"Vipande vitatu ni kuonja?"

"Mwanangu, mwalimu haonji, mwalimu anasahihisha. Cha kwanza kilikuwa na makosa, ikabidi nirudie."

Mpole akainua kichwa. "Andika vinne."

Nikaandika vinne. Daftari hilo ninalo, na shangazi akitoka nalifungua kwenye meza ya kunyooshea nalisoma kama barua niliyoandikiwa.

Wakiniuliza habari za masomo nasema "idara yetu" kisha nashusha pumzi, nimegundua kwamba ukisema hivyo kila mwanafunzi anakuonea huruma na haulizi tena. Lakini ubaya ni kwamba Mwalimu ni mteja wetu, namba Sitini na Tatu. Nguo zake huletwa na mfagizi wa bweni pamoja na za wenzake, kwa hiyo Alhamisi nanyoosha kola yake na Jumamosi nakaa mbele ya kola hiyo hiyo na kumwambia amependeza. Ana shati jeupe ambalo kifungo cha tatu nilikishona mimi kwa uzi usiolingana, na kila akilivaa natazama pengine.

Wiki mbili zilizopita Mchumi akaniambia mwaka ujao anataka tukae chumba kimoja. Ameshaomba chumba cha watu wawili, cha pembeni, chenye dirisha linalofunguka, na ameshamwambia yule anayekaa naye sasa atafute pengine.

"Nipe tu namba yako ya usajili nikajaze fomu," alisema.

"Nimeisahau."

"Katibu. Nani anasahau namba yake? Si iko kwenye kitambulisho?"

"Kitambulisho kiko nyumbani."

Jumamosi iliyopita nikasema nimesahau tena. Akanitazama kidogo, akasema basi iwe Jumamosi hii, maana wanafunga mwisho wa mwezi. Na siku hiyo hiyo Mwalimu akatuambia amechaguliwa kwenye kamati ya kupokea wapya, atakaa meza ya kwanza kabisa, ile ya kuhakiki majina na kutoa vitambulisho. "Nitawapokea watoto vizuri," alisema, "mimi siku yangu ya kwanza nilizunguka na sanduku saa tatu nzima, hakuna aliyeniuliza hata naenda wapi." Kwa hiyo nikikubaliwa, mtu wa kwanza kuniona nikiingia mwaka wa kwanza ni yeye, anayejua niko mwaka wa pili na ninakwenda wa tatu.

Kesho yake Mwalimu akaja dukani mwenyewe. Alitaka shati haraka. Niliona viatu vyake chini ya pazia la mlango wa chumba cha nyuma, nikakimbilia uani nikasimama nyuma ya shuka la Namba Tano lililoanikwa. Shangazi akaniita mara mbili nije kumhudumia mteja. Nikazidi kujibana pale pale. Nikamsikia Mwalimu akisema, "Mama, hapa kwenu mnashona vifungo vizuri," na shangazi akasema, "Ni mtoto wangu huyo, ana mikono." Mwalimu akasema, "Basi mfikishie salamu."

Alipoondoka shangazi akaja akalivuta lile shuka.

"Huyo kijana amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu."

"Basi wewe umemfanya nini?"

Shangazi si mtu wa kuuliza mara ya tatu. Alisema shuka limekunjamana na kwamba nilinyooshe upya, akarudi kaunta, na tangu siku hiyo ananitazama kama anavyotazama doa asilolijua limetokana na nini.

Kwenye mfumo wa maombi kuna kitufe cha kufuta ombi. Nimekibonyeza mara mbili. Kinauliza, "Una uhakika?" na mara zote mbili nimejibu hapana, lakini mara ya pili nilichelewa kujibu. Nawaza kwamba nikifuta nitawaambia nimehamia tawi la mbali, tutaagana vizuri, watanikumbuka kama Katibu na hawatajua kamwe. Nisipofuta na nikakosa nafasi, bado namba ya usajili sina. Nisipofuta na nikapata, nawapoteza kwenye foleni mbele ya watu mia tatu. Wenzangu wote wanaosubiri majibu wanaogopa upande mmoja, mimi naogopa pande zote mbili, na hakuna wa kumwambia, maana watu pekee ambao ningewaambia ndio hao.

Na swali jingine dogo, kama nafasi kwenye gazeti inatosha. Hivi mtu akiingia chuoni kwa njia ya kawaida, marafiki wanapatikanaje? Wanagawiwa pamoja na vyumba, au kuna mahali pa kuanzia? Nguo zimenionyesha kwamba wote wanao, na hazijanionyesha waliwapataje. Mimi hawa niliwapata kwa mvua na uongo, na sidhani kama vyote viwili vitakuja tena kwa pamoja.

Nifute ombi au nisifute?

Wako,
Katibu

*

Katibu,

Sikucheka. Nilitabasamu kwenye mashine inayotaka kuacha kazi, kisha nikaacha. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya tarehe zako, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili usitambulike. Sikubadilisha mengi, kwa hiyo fanya haraka kabla Mchumi hajanunua gazeti.

Kitufe usikiguse. Umekaa miaka ukisoma kwa vipande vya dakika arobaini, sauti ya mashine sikioni na mteja akigonga kaunta, halafu unataka kufuta yote ili watu watatu wasijue kwamba unaweza kunyoosha shati? Hata hiyo mashine yenu ina akili zaidi, inapotaka kuondoka inaelekea mlangoni. Wewe unaelekea nyuma ya shuka.

Sasa nikukaripie vizuri, maana naona shangazi yako amekuachia.

Kuna sentensi umeipita mbio, kama mtu anayepita mbele ya mbwa aliyelala. Umesema Mchumi ameshamwambia anayekaa naye atafute pengine. Umesema hivyo, ukaweka nukta, ukaendelea na habari zako. Wateja wako wote umewapa namba, huyo msichana hukumpa hata moja. Lakini yuko, na wiki hii anazunguka akiuliza wenzake nani ana kitanda, na wiki ijayo fomu zinafungwa, na kitanda alichoondolewa kimewekewa mtu ambaye hayupo kwenye orodha ya chuo. Kwa miezi minne uongo wako ulikuwa wa kijinga tu, haukuwa umekula cha mtu. Sasa umekula kitanda. Umeniandikia kwamba unaogopa kuwapoteza marafiki. Mimi ninayemfikiria ni mtu aliyepotezewa mahali pa kulala na mtu asiyemjua kabisa.

Kwa hiyo siku zako si kumi na mbili. Chuo kijibu kitakavyojibu, wewe una hadi Ijumaa.

Najua inauma. Kabla hatujafika huko, acha nikujibu lile swali uliloliita dogo, kwa sababu nadhani ndilo lililokufanya uchukue kalamu.

Mimi chuo sikusoma. Niligonga mihuri kwenye dirisha la maktaba ya chuo kwa miaka kumi na moja, na mengi ninayoyajua niliyasoma upesi upesi kabla ya kuyagongea muhuri na kuyatoa dirishani. Kulikuwa na kijana aliyekuwa akiazima kamusi ile ile kila Jumamosi, muhula mzima, na kuirudisha siku hiyo hiyo. Nikamwuliza, "Mwanangu, hilo neno bado hujalipata tu?" Akasema, "Hakuna neno, mama. Nilitaka tu kusema habari za leo kwa mtu." Ilikuwa saa kumi jioni. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amemsemesha tangu aamke, naye aliishi kwenye bweni la watu mia nne.

Hakuwa peke yake. Nilikuwa na msichana wa magazeti ya zamani, nilikuwa na pacha mmoja ambaye mwenzake alipangiwa chuo kingine, nilikuwa na mtu wa kuuliza saa wakati amevaa saa. Nikiwatazama pale dirishani wote walikuwa nadhifu sana. Unajua kwa nini? Wewe uliyesoma takwimu ungepaswa kunieleza mimi. Unasema nguo zimekuonyesha kwamba wote wana marafiki. Nguo zinazokuja kwako Jumatatu na moshi na manukato ni za waliotoka Ijumaa. Waliobaki chumbani wakihesabu mbao za dari, nguo zao hazikuchafuka, kwa hiyo hukuzifua. Umekichora chuo kizima kutokana na nusu iliyotoka jasho.

Rudi sasa kwenye meza yako. Mchumi, kwa maneno yako mwenyewe, alikuwa peke yake meza ya pili. Mwalimu alikuwa peke yake dirishani. Mpole alikuwa peke yake mahali ambapo hakuna hata aliyepaona. Miezi minne, kila Jumamosi, siku ambayo wenzao wako kwenye mechi au kwa jamaa zao, na barua yako haina mahali hata pamoja ambapo mmoja wao anasema leo siji, nina miadi. Wewe unafikiri uliingia kwa hila kwenye kundi la watu wenye bahati. Katibu, kundi halikuwepo. Kulikuwa na meza zenye mtu mmoja mmoja, na mtu mmoja aliyefungua mdomo kueleza mashati. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba marafiki hawagawiwi na vyumba, na mahali pa kuanzia ni pale pale ulipoanzia, ukiondoa kule kuitikia kwa kichwa. Ungemeza mkate kwanza ukasema "mimi si mwanafunzi, lakini swali la nne nalijua," angeleta daftari vile vile. Hakuwa anatafuta kitambulisho, alikuwa anatafuta jibu la swali la nne.

Usichukue maneno hayo ukajifunikia. Kwamba wao pia walikuwa wapweke hakufanyi kosa lako kuwa dogo, kunalikuza. Mtu mwenye marafiki thelathini ukimdanganya anabaki na ishirini na tisa. Mchumi ukimdanganya anafanya hesabu nyingine.

Ndiyo maana utamtafuta yeye kwanza, peke yake, mchana, kabla ya Jumamosi. Usimwandikie kwenye simu. Simu utaiandika, utaifuta, utaandika tena, mwishowe utatuma kitu chenye samahani kumi na moja na habari hakuna. Nenda mwenyewe, bila furushi, na kwa mlinzi useme unakwenda kumwona nani. Ukimpata mwambie hivi: "Mimi si mwanafunzi wa hapa. Nafanya kazi kwa dobi ng'ambo ya barabara. Nimeomba nafasi, bado sijajibiwa. Mwambie mwenzako abaki kwenye chumba." Basi. Usianze na mvua. Usianze na mkate. Mkate umenipendeza sana kwenye barua, lakini mbele ya mtu aliyedanganywa mkate ni kisingizio.

Usimweleze maisha yako yalivyo magumu. Atakuonea huruma, nawe utakuwa umemnyang'anya haki ya kukasirika. Na usilie kumzidi. Aliyekosewa asiachiwe kazi ya kumbembeleza aliyemkosea.

Kisha ujitolee kwenda na yeye kwa huyo msichana mwingine, ukaseme kwa mdomo wako kwamba kosa ni lako. Akikataa, usilazimishe. Akikubali, nenda siku hiyo hiyo.

Jumamosi uwaambie wawili waliobaki. Mwalimu umwambie pia kwamba mashati yake unayanyoosha wewe. Sisemi kwamba anajua. Mtu aliyefundisha watoto wadogo miaka minane huwa anajua mtoto amejificha wapi, na huwa anajua pia wakati wa kujifanya hajaona, lakini hilo nalikisia tu, nawe usilitegemee. Hata kama anajua, bado anastahili kuambiwa. Habari za Kumi na Tisa na sweta la kijivu, na za wengine wote, zibaki ndani ya duka. Ukiwa unaungama utashikwa na hamu ya kutoa kila kitu. Toa vya kwako. Vya mifukoni mwa watu si vyako.

Shangazi yako umwambie leo, kabla hajafungua duka au baada ya kulifunga, utajua mwenyewe lini anasikiliza. Amekuuliza mara mbili, na umesema si mtu wa kuuliza mara ya tatu. Mimi nasoma hapo kwamba anangoja. Halafu fikiria kidogo: mtu anayemwambia mteja mgeni "ni mtoto wangu huyo, ana mikono," ukirudi Ijumaa umefukuzwa na Mchumi, si atakuwepo?

Kuhusu majibu ya chuo, sijui. Hakuna anayejua, na anayekuambia anajua anataka kukuuzia kitu. Ukikosa utaumia, na utakuwa umeumia kama wewe mwenyewe, hilo angalau utaweza kumwambia mtu. Ukipata, utasimama kwenye foleni na hao mia tatu, ufike meza ya kwanza, utaje jina lako, umpe Mwalimu karatasi zako, naye atatafuta kwenye orodha kama anavyowatafutia wengine. Kama hamsemeshani wakati huo, itakuwa dakika moja mbaya. Watu wamemaliza shahada baada ya dakika mbaya kuliko hiyo. Nimewagongea mihuri.

Ila kuna kitu kimoja nimekitafuta kwenye barua yako tangu mwanzo hadi mwisho na sikukipata. Umeniandikia hadithi nzima, una namba za watu wote, na mwisho umetia sahihi "Katibu". Kwa jinsi ulivyoandika, naona hata wao hawajui unaitwa nani.

Basi ukifika alipo Mchumi, usikae. Sema ukiwa umesimama, kisha nyamaza, na ukimya ukirefuka usiujaze maneno. Akikwambia uondoke, ondoka. Akikuuliza jina lako, mtajie lile la kweli. Nadhani ndilo atakalouliza kwanza.